Kutunza Mazingira si Kazi ya Mtu Mmoja: Ona, Amua, Tenda



Vijana wenzangu, wengi mmekuwa mkiniuliza, "Kaka, tunataka kuanzisha kikundi cha mazingira parokiani kwetu, tuanzie wapi?" Naratibu kikundi cha namna hiyo hapa Dar es Salaam, mwaka wa nne sasa. Leo tujifunze pamoja namna ya kukianzisha na, kazi kubwa zaidi, namna ya kukilea kisife.

Kwanza, kwa nini kikundi? Si kila mtu azime taa nyumbani kwake, yaishe? Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, anayathamini sana matendo madogo ya kila siku: kupika chakula kinachotosha, kutopoteza maji, kupanda miti. Lakini anafundisha pia kwamba matatizo ya jamii hayaishi kwa kujumlisha tu wema wa mtu mmoja mmoja. Yanahitaji watu walioungana. Na sisi Wakatoliki wa Afrika Mashariki tumekulia kwenye jumuiya ndogo ndogo, kwa hiyo kukaa na kupanga pamoja si jambo geni kwetu.

Njia tunayoitumia ni ile ya VIWAWA: Ona, Amua, Tenda. Asili yake ni Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyewalea vijana wafanyakazi. Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII aliipendekeza katika waraka wake Mater et Magistra.

1. ONA

Msianze na fulana, wala semina. Anzeni kwa kutembea. Sisi tulichagua Jumatatu moja baada ya sherehe ya Kipaimara, tukazunguka eneo lote la kanisa. Tulikuta sahani na vikombe vya kutupwa, chupa za maji, mabaki ya pilau, maganda ya ndizi na matikiti. Vyote vimerundikwa pamoja, vinangoja kiberiti.

Hapo tukajifunza jambo. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilitangulia tarehe 28 Agosti 2017. Sheria imetuondolea mifuko, lakini sahani na chupa tumeendelea kuzinunua wenyewe, tena kwa sadaka za waamini. Na yale maganda wala si takataka. Ukiyachanganya na majani makavu, ukayapa unyevu kidogo na kuyageuza mara kwa mara, unapata mboji ya bustani.

2. AMUA

Hapa ndo penye mtihani. Siku moja tulijadili mkaa. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akapendekeza kila mwanakikundi aape kuuacha, na asiyeweza apumzike kwanza. Dada mmoja akanyoosha mkono. Yeye anauza mkaa, kwa kopo, pale mtaani. Akasema taratibu, "Mkaa wangu ukiwa dhambi, wanangu wale nini?"

Kimya. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Ndugu yangu, kikundi chako kitafika tu mahali hapo, na jibu lenu ndilo litakaloonyesha kama ni kikundi cha Kikristo au ni genge la watu wanaojiona safi. Papa Fransisko anatuambia kilio cha dunia na kilio cha maskini tuvisikie pamoja. Ukisikia kimoja tu, umesikia nusu.

Basi tukakaa chini, tukauliza: kwa nini watu wanatumia mkaa? Si kwa kuichukia misitu. Mtungi wa gesi unataka hela ya mkupuo. Mkaa unaununua kidogo kidogo, kwa hela uliyoipata leo. Mwisho wa mwezi pengine mwenye mkaa ametumia zaidi, lakini hakuwahi kuwa na ile hela yote kwa pamoja. Umaskini ndivyo ulivyo. Serikali yetu ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ni lengo jema. Ila mtungi wa kwanza lazima mtu aununue, na hapo ndipo kikundi kinapoweza kusaidia.

Tuliamua hivi. Hakuna kiapo. Wanaoweza gesi wahamie. Wasioweza bado wapunguze mkaa: watumie jiko banifu, waloweke maharage usiku kucha, wafunike sufuria. Kisha tukaanzisha upatu, na kila mzunguko unamnunulia mtu mmoja mtungi na jiko.

Na yule dada? Bado anauza mkaa, sitawadanganya. Lakini ndiye aliyetufundisha kukusanya vumbi la mkaa linalobaki chini ya gunia, kulichanganya na uji wa muhogo, kulifinyanga na kulianika juani mpaka liwe mkaa tena. Siku hizi anauza na huo. Tungemfukuza, nani angetufundisha?

3. TENDA

Chagueni mambo machache, kila moja liwe na mtu na siku yake. Sisi tuna matatu.

*Vyombo.* Tuliomba kamati ya sherehe inunue sahani za kuosha. Ikakubali kwa sharti moja: kikundi kioshe. Tunaosha kwa zamu, na wavulana wamo, msitafute visingizio!

*Mboji.* Watu wawili kila Jumamosi.

*Miti.* Kupanda ni rahisi, kamera zipo. Shida ni kiangazi. Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alilijua hilo. Akina mama walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopona, si kwa kila mche uliochimbiwa shimo. Nasi tunapanda mvua zinapoanza, na kila mti una mlezi wa kuumwagilia. Mlezi akihama, anaukabidhi kwa mwingine mbele ya wote.

Kukilea kikundi

Mambo manne yametuweka pamoja. Hatumsemi mtu kwa hali ya nyumbani kwake. Mapato na matumizi yanasomwa kila mwezi. Kiongozi anashika ufagio kwanza. Na kila kikao kinaanza kwa Neno la Mungu, tusije tukasahau tunamfanyia nani kazi.

Wako watakaosema, "Mmeacha Injili, mnafanya mambo ya mazingira." Wajibuni kwa upole. Kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, kinaonyesha kuwa kulima na kutunza bustani ndiyo kazi ya kwanza aliyopewa binadamu. Na tangu mwaka 1979, kwa tamko la Papa Yohane Paulo II, Mtakatifu Fransisko wa Asizi ni msimamizi wa wanaojali mazingira. Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, kuanzia 1 Septemba hadi 4 Oktoba, ni wakati mzuri wa kuanza.

Maswali ya kutafakari

1. Baada ya sherehe parokiani kwetu, taka zinakwenda wapi?
2. Katika mtaa wangu, nani ataumia tukipanga bila kumsikiliza?
3. Ni mti gani, au kazi gani, naweza kuilea mwaka mzima?

Tusali

Ee Mungu Muumba, umetukabidhi dunia na umetukabidhi ndugu zetu. Utujalie macho ya kuona, hekima ya kuamua bila kumdharau maskini, na mikono isiyochoka kutenda. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.