Somo: Kijana Mwenye Kifafa, na Haki ya Moyo Wake juu ya Baba Yake

Baada ya kumhimidi Mwenyiezi Mngu na kumswalia Mtume wake, na jamaa zake na swahaba zake, yafaa ijulikane ya kuwa somo hili halikuandikwa kueleza namna mtu anavyoanguka. Kuanguka watu wa pwani wakujua. Lililoandikiwa ni lile lisiloonekana, nalo ni hali ya moyo wa kijana baada ya kuinuka.

Mtoto wa miaka 6 akianguka chuoni huamka, akatafuta ubao wake, akaendelea na herufi zake. Hajui wenziwe wameona nini. Lakini akifika miaka 13 au 14 ajua. Huamka akaona kanzu yake imelowa, na wenziwe wametolewa nje, na yule aliyekuwa akikaa naye bega kwa bega amehamia mkeka mwingine kwa kukhofia povu. Maradhi ni yale yale, ila aliyeshikwa nayo si yule. Na hapo ndipo huingia maradhi ya pili juu ya ya kwanza, nayo ni huzuni, ambayo haipigi kelele wala haimtupi mtu chini, kwa hivyo hapana anayeikimbilia.

Bukhari na Muslim wamepokea ya kuwa Ibn Abbas alimwonyesha Ata bin Abi Rabah mwanamke mmoja mweusi, akampa khabari ya kuwa ni katika watu wa Peponi. Mwanamke huyo alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshitakia ya kuwa huanguka, na akiangukapo nguo zake humfunuka. Mtume akamkhiyarisha baina ya kusubiri, na malipo yake yawe Pepo, na baina ya kuombewa apowe. Akakhitari kusubiri, lakini aliomba aombewe asifunuke, naye akaombewa. Hadithi hii husomwa sana kwa mlango wa subira, na hiyo ni haki yake. Ila mwenye kuisoma kwa subira peke yake ameacha nusu. Mwanamke yule aliweza kuyastahimili maradhi. Lililomshinda ni kufedheheka mbele ya watu. Na Mtume hakumwambia ya kuwa fedheha ni jambo dogo, bali alimwombea kwa hilo hilo. Basi baba anayemwambia mwanawe asubiri, na huku hamsitiri, ameshika upande mmoja wa hadithi akaacha wa pili. Na tena mwanamke yule alikhiyarishwa. Kijana wa leo aghalabu haulizwi neno.

Ama asili ya maradhi haya, matabibu tangu zamani za Wayunani waliandika ya kuwa hutoka katika ubongo, na Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, aliyaeleza katika Qanun kwa njia ya utabibu. Ibn al-Qayyim naye aliyagawanya mafungu mawili: moja akalinasibisha na roho mbaya, na la pili na hali za mwili, na hili la pili akaliweka katika kazi ya tabibu. Katika mwaka 1924 daktari wa Kijerumani, Hans Berger, alipata kuipima kwa chombo nguvu ya umeme iliyomo katika ubongo wa mwanadamu, na kwa njia hiyo yakaja kuonekana machafuko yake wakati wa kifafa. Povu haliambukizi. Huko Kilifi, ambako utafiti wa maradhi umekuwa ukifanywa tangu mwaka 1989, imedhihirika ya kuwa visa vingi hufuatana na dhara la wakati wa kuzaliwa, na homa kali za malaria, na vijidudu vinavyoingia mwilini. Na imeonekana huko huko ya kuwa watoto wenye kifafa hupatikana na taabu za tabia na za moyo zaidi kuliko wenziwao.

Taabu hizo zina sababu zaidi ya moja. Ubongo ule ule unaotoa kifafa ndio unaochukua furaha na huzuni, kwa hivyo kijana aweza kuwa mzito na mwenye hasira siku moja kabla ya kuanguka, au siku mbili baada yake, pasipo mtu kumkosea. Dawa nazo zina sehemu yao: fenobabitoni, iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912 na ingali ikitumiwa kwa wingi kwa kuwa ni rahisi, huweza kumfanya mtoto mzito wa fahamu au mkorofi. Hilo si la kumfanya baba aitupe dawa baharini, kwani kuikata ghafula huweza kuleta kifafa kisichokoma hata roho ikatoka. Ni la kumpelekea daktari, aipunguze au aibadilishe.

Lakini sababu kubwa imo nyumbani. Mgeni akija, kijana huambiwa aingie chumba cha ndani. Harusini haendi. Shule huachishwa. Bahari haioni, na kumkataza kuogelea peke yake ni sawa, ila kumkataza hata kukaa ufukweni na wenziwe kuna maana gani? Husikia baba yake akisema kwa sauti ya chini ya kuwa huyu hatapata mke. Na wako wanaomwita majnuni, na hapa pana ajabu. Mwenye kifafa akiwa macho ana akili zake, na akisha kubaleghe sharia humhisabu mukallafu: swala ni wajibu juu yake, na kalamu imwandikia mema yake na maovu yake. Nyumba ile ile inayomwamsha kwa alfajiri imemwondolea haki ya kushauriwa kwa kuwa eti hana akili. Kama hana, kwa nini aamshwe? Na kama anazo, kwa nini asiulizwe? Baada ya kuzimia na kuzindukana hutia udhu upya, na kuoga ni suna. Zaidi ya hayo yeye ni Muislamu kama wengine.

Huzuni ya kijana si lazima iwe machozi. Mara nyingi ni ukali, na kukataa chakula, na kulala mchana, na kuacha lile alilokuwa akilipenda, na dawa kufichwa chini ya mto. Baba huiona ni utovu wa adabu akampiga. Ikiwa hali hiyo yapita wiki mbili, yafaa daktari aambiwe jambo hilo mbali na khabari ya kuanguka, kwani daktari asiyeambiwa huhisabu idadi ya maanguko tu.

Na liko neno ambalo wazee huogopa hata kulitamka. Wako vijana wenye kifafa wanaotamani kufa, na wako wanaojaribu. Kujiua ni haramu, na kijana alilelewa akilijua hilo. Lakini ujuzi huo peke yake haumtoi katika kiza. Baba huogopa ya kuwa akimwuliza atamtia fikira asiyokuwa nayo. Khofu hiyo haina asili. Kumwuliza waziwazi, kwa upole na faraghani, hakumtii jambo moyoni, bali humfungulia mlango wa kusema. Akikiri, asiachwe peke yake usiku ule, na apelekwe hospitali siku ile ile. Na dawa zake zikae kwa baba, chini ya ufunguo, apewe kwa kipimo, kwa kuwa fenobabitoni ikinywewa nyingi huua.

Ramadhani nayo ina mtihani wake. Kukosa usingizi kwa tarawehe na daku, na kukosa dawa mchana, huleta maanguko. Mwenye dawa ya mara moja usiku pengine ataweza kufunga. Mwenye dawa ya mara mbili huenda akaigawa baina ya futari na daku, lakini kwa shauri la daktari mwaminifu. Akiambiwa saumu itamdhuru, Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa, alipe siku nyingine. Na asiyetarajiwa kupona hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Kijana wa miaka 15 anayekula mchana huona aibu mbele ya wadogo zake, na wengine hufunga kwa siri kwa ajili ya aibu hiyo, wakaangukia motoni jikoni. Baba na aitamke ruhusa hiyo mwenyewe mbele ya nyumba nzima, usiku wa kuandama mwezi, asimwachie mtoto kujieleza.

Na mwalimu wa chuo ana sehemu yake. Kijana akianguka, asishikwe kwa nguvu wala asitiwe kijiko kinywani. Vyombo vigumu viondolewe, awekwe kitu laini chini ya kichwa, alazwe kwa ubavu, na atupiwe shuka. Saa itazamwe: yakipita dakika 5, apelekwe hospitali. Wanafunzi wasifukuzwe, bali wafunzwe kabla siku hiyo haijaja, na mmoja wao apewe kazi ya kuitunza shuka. Akizindukana aachwe apumzike, abadilishe nguo mahali pa faragha. Kisha, akitaka, aendelee na darsa pale alipokuwa amefikia.