Kupasha Mwili na Kunyoosha Viungo

Mwaka jana mama mdogo, anayeishi Montréal, alinitumia kwa simu karatasi ya Kifaransa kutoka kwa kocha wa mwanawe. Kijana anacheza hoki ya barafuni, na mama husoma Kiswahili upesi kuliko Kifaransa. Neno échauffement nililitafsiri bila kufikiri: kunyoosha viungo. Uwanjani kwetu wengi husema hivyo.

Kijana akaketi katika chumba cha kuvalia, akavuta kila mguu na kuushikilia kwa muda mrefu, kisha akaingia barafuni. Kipindi cha kwanza hakijaisha, akashika kinena. Alikaa nje wiki tatu. Siwezi kuapa kwamba ni neno langu lililomuumiza, lakini nililirudia.

Ndani ya neno la Kifaransa mna chaud, yaani moto. Kiswahili nacho kina kupasha: tunapasha sombe ya jana, na wanamichezo wanapasha mwili. Anayepasha mwili haketi. Anatembea, anakimbia polepole, anaruka, mpaka jasho lianze kutoka. Kunyoosha ni kuvuta msuli. Ukiuvuta ungali baridi na kuushikilia dakika nzima, nguvu zake hupungua kwa muda. Kazi hiyo ingojee mwisho wa mechi.

Kwa nini kinena? Mkimbiaji husukuma ardhi nyuma yake. Mchezaji wa hoki husukuma barafu kwa upande, na misuli ya ndani ya paja ndiyo inayourudisha mguu. Tena haendi taratibu. Zamu moja ni kama sekunde 45 za kasi yote, kisha anaketi benchini penye baridi. Kuna vipindi vitatu vya dakika 20, na mapumziko kati yake, kwa hiyo mwili hupoa tena na tena.

Tafsiri ya pili niliiandika hivi: «Kabla ya kuvaa viatu vya kuteleza, kimbia polepole dakika tano. Bembeza kila mguu mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto, mara kumi. Piga hatua ndefu za pembeni huku ukikunja goti. Barafuni, anza taratibu, ongeza kasi kila mzunguko, ndipo upige mashuti.» Kipa azidishe mazoezi ya nyonga, maana hupiga magoti na kutupa miguu kando mechi nzima.

Mama mdogo aliisoma, akanipigia: «Mwanangu, na akiwa benchini je?» Kocha hakuwa ameandika lolote. Nikaongeza mstari wangu mwenyewe: asikae tu, achezeshe magoti.