Mwizi wa Maandishi Mtandaoni: Jinsi ya Kumkabili

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliifahamu barabara likizo ya Agosti mwaka jana.

Nikiwa Kidato cha Pili niliandika muhtasari wa ngeli, kurasa 12, binamu yangu akauweka kwenye tovuti yake ili yeyote ausome bure. Siku moja nikamkuta jirani yetu akijisomea muhtasari alioununua mtandaoni kwa shilingi 50. Nilipochungulia, lo! Sentensi ni zangu, mpangilio ni wangu, ila jina la mwandishi ni la mtu nisiyemjua. Hata kosa langu lilikuwamo: wingi wa "wembe" nilikuwa nimeandika "membe" badala ya "nyembe". Jamani, mwizi aliiba hadi kosa!

Je, sheria yasemaje? Nilimwuliza mwalimu wetu wa Kiswahili. Akanieleza kuwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mwandishi mara tu kazi yake inapoandikwa, hata kama hajaisajili popote. Lakini tahadhari! Sheria hailindi wazo. Ngeli ni za wasemaji wote wa Kiswahili; kilicho changu ni namna nilivyozieleza.

Basi, hizi ndizo hatua za kufuata.

Kwanza, weka ushahidi. Kabla hujamshtua mwizi, piga picha kurasa zilizoibwa, uandike anwani ya tovuti na tarehe. Tunza pia nakala yako ya kwanza. Daftari langu la rafu, lenye tarehe na hiyo "membe" yake, ndilo lililonitetea.

Pili, mwandikie mwenye tovuti kwa adabu, ukimtaka aiondoe kazi yako. Wengine hutenda kwa kutojua. Wangu alinyamaza kimya.

Tatu, iandikie kampuni inayoihifadhi tovuti hiyo. Sheria yetu ilirekebishwa mwaka 2019. Ukipeleka ilani ya maandishi iliyotiwa sahihi, inayotaja kazi yako na mahali nakala ilipo, kampuni hutakiwa kuifunga katika saa 48 za kazi, isipokuwa aliyeiweka alete pingamizi. Marekani nao wana sheria ya namna hii tangu 1998. Ila usidanganye katika ilani, maana hilo nalo ni kosa la jinai. Mama ndiye aliyenisaidia kuiandika na kutia sahihi. Wiki hiyo hiyo kurasa zikatoweka.

Nne, ukikwama, peleka malalamiko kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu nikitembea kwa maringo. Akaufungua muhtasari wangu ukurasa wa tano, akaniuliza, "Na mifano hii sita, mwanangu, ni ya nani?" Nikakosa la kusema. Nilikuwa nimeitoa katika kitabu cha kiada bila kumtaja mwandishi. Kweli nyani haoni kundule! Usiku ule, wakati wa prepu, niliuandika upya ukurasa huo, nikatunga mifano yangu mwenyewe. Na "nyembe" nikazisahihisha.

Kwa hivyo wenzangu, ukitumia cha mwenzio, mtaje. Ukiibiwa, usilie tu. Shika daftari lako uandike. Nami hapa kalamu naiweka chini.