SOMO: RAMANI KWANZA, MAWE BAADAYE



Vikundi vingi tunavyotembelea vina ndoto moja: kununua ploti pale sokoni na kujenga maduka ya kupangisha. Ni ndoto nzuri, maana kodi huingia hata mwaka ambao mvua imekataa. Lakini tukiuliza, "Ramani iko wapi?" mara nyingi tunajibiwa, "Fundi anajua. Pesa za kuchora karatasi afadhali zinunue simiti."

Basi leo tujifunze kwa nini ramani si karatasi tu.

Ramani nzuri huanza na swali: jengo hili litabeba nini? Duka la nguo si sawa na ghala. Magunia 100 ya mahindi, ya kilo 90 kila moja, ni tani 9. Mashine ya kusaga nayo hutetemesha sakafu kutwa nzima. Injinia akijua hayo mapema, atapima upana wa msingi, unene wa nguzo na idadi ya vyuma. Asipoambiwa, jengo litabebeshwa mzigo usio wake.

Tazameni yaliyotokea Bangladesh. Karibu na mji wa Dhaka palikuwa na jengo la orofa 8 lililoitwa Rana Plaza. Lilichorwa liwe la maduka na ofisi. Baadaye orofa za juu ziliongezwa bila kibali, na viwanda vya kushona nguo vikaingia na mashine zao na jenereta nzito. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana. Benki na maduka yakafungwa, lakini washonaji wakaambiwa warudi kazini. Kesho yake jengo likaanguka. Watu 1,134 walikufa, wengi wao akina mama na wasichana waliokuwa wakitafuta riziki.

Kwa hivyo, kabla ya kuchimba msingi:

1. Mkutano mkuu ukubaliane jengo ni la kazi gani, na kama siku moja mtaongeza orofa. Katibu aandike. Msingi wa duka la chini haubebi orofa eti kwa sababu pesa zimepatikana.

2. Udongo upimwe. Udongo mweusi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, kwa hivyo msingi wake si kama ule wa penye mwamba.

3. Ramani ichorwe na msanifu aliyesajiliwa, injinia apime msingi na vyuma, kisha ipelekwe kaunti ipitishwe.

4. Ombeni orodha ya vifaa na gharama kutoka kwa ramani hiyo. Mweka hazina atajua mifuko ya simiti ni mingapi, na kikundi kitajua kama pesa zitafika kwenye mabati au zitaishia kwenye lenta. Mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Fundi asiondoe nguzo wala kupunguza vyuma bila injinia kukubali. Ufa mkubwa ukitokea, watu watoke kwanza, na injinia aitwe aangalie kabla mtu yeyote hajarudi ndani.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

- Jengo letu litafanya kazi gani miaka 10 ijayo?
- Nani kati yetu atatunza ramani, na kila mwanachama ataionaje?
- Mpangaji akitaka kuweka mashine nzito, tutamjibu nini?