Umepasuliwa tumbo wakati wa mlipuko? Kukaa nyumbani si kulala kitandani

Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipoenea, watu waliagizwa wakae nyumbani. Kwa mtu aliyetoka kupasuliwa tumbo, agizo kama hilo lina hatari yake likieleweka vibaya. Somo hili linamhusu mama aliyejifungua kwa upasuaji, na pia aliyepasuliwa ngiri au kidole tumbo.

Ukilala siku nzima, damu hupita polepole miguuni na inaweza kuganda. Bonge la damu likifika kwenye mapafu linaweza kuua ghafla. Tena makohozi hukaa kifuani na kuleta nimonia. Kwa hiyo inuka, hata kama familia kwa huruma inakuambia ulale.

Usijiinue kwa nguvu ya tumbo. Geukia ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Ukitaka kukohoa, kunja kitenge ukibane juu ya kidonda. Tembea dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Leo zunguka nyumba, kesho ongeza kidogo. Huna haja ya kwenda sokoni kwenye watu wengi, uwanja wako unatosha. Ukiketi kunyonyesha, chezesha nyayo juu na chini.

Lakini kutembea si kubeba. Bidoni ya lita 20 ikijaa maji ina zaidi ya kilo 20, na mama aliyepasuliwa asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake mchanga kwa wiki sita hivi. Kutwanga sombe nako kungoje. Baba, chukua bidoni uende bombani, hakuna aibu hapo. Kama mama anaishi peke yake, majirani mpangiane zamu ya maji na kuni, na siku ya mgao awepo mtu wa kumbebea chakula.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata usiku, ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, pumzi inakata, kifua kinauma, una homa, kidonda kinatoa usaha au kimefunguka, au damu ya uzazi inatoka nyingi. Agizo la kukaa nyumbani halimzuii mgonjwa kwenda kutibiwa. Vaa barakoa ukiwa nayo. Ukishindwa kutembea, tuma mtu amwite mhudumu wa afya wa eneo lako.