Kitabu Kimesema, Elwak Inasemaje?

Abaayo, dada yangu wa Elwak, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Unauza magauni ya baati na mitandio ya garbasaar sokoni, mzigo wako unatoka Eastleigh kwa basi, na tangu mwaka jana unasoma vitabu vya kujiendeleza ambavyo binamu yako wa Nairobi anakutumia kwenye simu. Vimekuambia uamke saa kumi na moja alfajiri, ujilipe mwenyewe kabla hujamlipa mtu, uvumilie leo ili ule kesho, na uwakate watu wanaokurudisha nyuma. Unasema umejaribu vyote. Biashara iko pale pale, ndugu wamekununia, na sasa wauliza: vitabu ni vya uongo, au wewe ndiye mvivu?

Hilo la kuamka tulimalize haraka. Wewe unaamka kuswali tangu utotoni, na saa hiyo hooyo, mama yako, alikuwa ameshakamua mbuzi. Anayekuuzia alfajiri anakuuzia mali yako mwenyewe.

Mengine yanataka kukaa kitako. Mtu anapoandika kwamba binadamu hufanikiwa kwa njia fulani, kuna watu aliowatazama kabla ya kusema hivyo, na swali la kumuuliza ni: ulimtazama nani? Baati moja humkaa kila mwanamke, mnene na mwembamba. Nadharia hazikushonwa hivyo.

Chukua hilo la kuvumilia. Chanzo chake kikubwa ni Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambako miaka ya 1960 na 1970 mwanasaikolojia Walter Mischel aliwakalisha watoto wa chekechea ya chuo mbele ya peremende laini. Mtoto angeweza kuila ile moja papo hapo, au angoje mtu mzima arudi, apewe mbili. Baadhi yao walipofuatiliwa baada ya miaka, waliongoja zaidi walionekana kufanya vizuri zaidi shuleni. Waandishi wa vitabu wakadaka hapo hapo: jifunze kungoja, utafanikiwa. Lakini wengi wa watoto wale walikuwa wa watu wa chuo. Mwaka 2018 watafiti wengine walitazama watoto zaidi ya 900 wa familia za hali mbalimbali, wakakuta uhusiano ule ni dhaifu kuliko ulivyosifiwa, na walipoingiza hali ya nyumbani kwenye hesabu ukadhoofika zaidi.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda kuliko hilo. Mwaka 2013, katika Chuo Kikuu cha Rochester, watoto waliahidiwa kwanza vifaa vizuri vya kuchorea. Nusu yao waliletewa. Nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu akasema samahani, hakuna. Ndipo ikaja peremende. Waliotimiziwa ahadi waliingoja kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliodanganywa, dakika 3.

Sasa yalete hayo nyumbani. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo huko kwenu. Mfugaji aliyekataa kuuza, akingoja mvua ijayo irudishe bei, mara nyingi alibaki na mizoga. Aliyeuza mapema, mbuzi wakiwa bado na nyama, alinusuru karo ya mtoto. Kitabu chako kingesema huyu wa pili hana subira. Mimi nasema alijua nani hutimiza ahadi na nani hatimizi. Kwa hiyo abaayo, usijipime kama una subira au huna. Mpime unayemngoja. Muuzaji wa jumla ambaye mzigo wake hufika kila mara, hata barabara ya Wajir ikiharibika, huyo mngoje. Mteja aliyechukua baati kabla ya Idi na bado anakuambia "kesho inshallah", usimwongezee nyingine.

Umeniuliza pia kuhusu ile piramidi ya mahitaji: chakula chini, usalama juu yake, kisha mapenzi, heshima, na kileleni mtu kutimiza kipaji chake. Unasema imekukatisha tamaa, maana ukiishi mpakani usalama wenyewe ni wa kubahatisha, basi utafika lini kileleni? Mwenye nadharia hiyo ni Abraham Maslow, katika makala yake ya 1943. Piramidi yenyewe haimo katika makala hayo; ilichorwa na wengine baadaye. Na Maslow mwenyewe aliandika kwamba mpangilio huo si wa chuma, kwamba wapo watu ambao kwa ajili ya jambo wanaloliamini huacha kila kitu. Wauzaji wa hamasa waliichukua ngazi, wakaiacha sentensi hiyo.

Wewe huhitaji kwenda mbali kuithibitisha. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera lilisimamishwa na al-Shabaab karibu na Elwak. Abiria walijua vizuri kinachofuata, kwa sababu Novemba 2014 abiria 28 wa basi jingine lililotoka Mandera walitengwa na wenzao wakauawa. Safari hii Waislamu walikataa kutengwa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike, na abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili walipoteza maisha siku hiyo. Mwalimu Salah Farah, naibu mkuu wa shule ya msingi mjini Mandera, alipigwa risasi, akafariki hospitalini Nairobi Januari 2016. Filamu ya Watu Wote, iliyotengenezwa 2017 na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka uliofuata, imetokana na tukio hilo. Watu ambao usalama wao ulikuwa sifuri walitenda jambo la kileleni kabisa. Usingoje mpaka upate ukuta na mlinzi ndipo uanze kusomea ule ualimu ulioniandikia kwamba unautamani.

Tuje kwenye ndugu, ambako naona ndiko kunakouma. Mwandishi aliyekuambia ukate jamaa anaishi mahali ambapo mtu akiugua kuna bima, akikosa kazi kuna posho ya serikali. Wewe mzigo ulipolowa kwa mafuriko, nani alikupa mtaji? Umeandika mwenyewe: abti, mjomba wako. Kumkata abti ni kufuta bima bila kusoma mkataba.

Lakini pia sitakudanganya kwamba kila anayenyoosha mkono ni bima. Yupo binamu mwingine ambaye pesa unayompa inaishia kwenye miraa kabla jua halijatua. Ndiyo maana nataka uone kilichofanyika magharibi mwa Kenya hii hii. Watafiti wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walifanya kazi na wanachama wa merigoraundi, yaani ayuuto kama mnavyoita nyinyi, wakachapisha matokeo 2013. Kundi moja lilipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli na ufunguo wake, mtu akaweka humo pesa za jambo moja la afya alilolitaja. Matumizi yao ya kinga, kama vyandarua, yalipanda kwa zaidi ya asilimia 60. Kundi jingine lilipewa kisanduku kama hicho ila ufunguo ukakaa kwa ofisa, asifungue mtu mpaka lengo litimie. Hicho hakikusaidia sana, kwa sababu nani atafungia pesa mahali asipoweza kuifikia mtoto akishikwa na homa usiku? Waliochangia chungu maalum cha afya ndani ya chama chao waliongeza matumizi hayo kwa zaidi ya mara mbili.

Umeelewa kilichotokea? Hakuna aliyemkata ndugu. Pesa ilipewa kazi, na pesa yenye kazi ni rahisi kuiambia mgeni kwamba haipo. Kwa hiyo "jilipe kwanza" ni neno zuri, ila kwako njia yake ni ayuuto ya wanawake wa soko, pamoja na kisanduku ambacho ufunguo unao wewe.

Na hapa nikugombeze kidogo kama dada. Kuna mstari ulioupitisha kimyakimya: ulipoanza kujilipa kwanza, ulichukua pia simu ya kulipia kila siku. Abaayo, hapo hukujaribu nadharia yoyote. Ulihamisha pesa mfuko huu ukaipeleka mfuko ule, kisha ukamlaumu mwandishi. Vitabu vina makosa yao, lakini hilo si lao.

Ukitaka kujaribu kweli, shika jambo moja tu. Kabla ya kuanza, andika nini kitakuonyesha kwamba limeshindikana, maana ukingoja mpaka mwisho moyo utachagua jibu unalolitaka. Lipitishe mvua na kiangazi; kilichofanya kazi wiki ya Idi, kila mtu akinunua, bado hakijajaribiwa. Mpe daftari mtu asiyekuonea haya alisome. Mimi ningempa eddo, shangazi yako, yule unayesema ana mdomo mkali.

Kuhusu deni la abti: mlipe hata kama ni kidogo kidogo, na umlipe kabla hujaagiza mzigo mwingine. Binamu wa miraa mwambie zamu yako ya ayuuto bado.