KIBARUA AU MWAJIRIWA?

Katika soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, mfanyabiashara hutumia watu wa aina mbili. Wa kwanza ni kuli, anayepakia magunia ya yeyote na kulipwa kwa gunia. Wa pili hufungua ghala lako kila asubuhi, hupima kwa mizani yako na huondoka ukimruhusu. Wote huitwa vibarua, lakini sheria haiangalii jina.

Kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, mtu aliyekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka uthibitishe vinginevyo. Hali kadhalika anayefuata saa unazompangia au kutumia vifaa vyako.

Hapo ndipo gharama huanza. Baada ya mwezi wa kwanza, notisi ni siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Ukimwachisha bila kosa lake, naye ametimiza angalau mwaka mfululizo, kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10.

Mfano: Sh. 10,000 kwa siku, miaka 6:
7 x 6 x 10,000 = Sh. 420,000.

Ingiza kiasi hicho katika hesabu za msimu, na andika naye mkataba. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nawe huna maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana ni wako.